Duara la Mwisho Lilikuwa kwa Mama

Mchoro ule niliuchora mara nne. Mara ya kwanza kwa penseli, kwenye karatasi ya manila niliyoitandaza sakafuni ofisini kwetu Bulembia, Kasese. Nilipiga magoti juu yake nusu siku nzima, rula mkononi, wenzangu wakiniruka kwenda kuchukua chai. Mimi ni mpangaji wa miradi. Sijengi, sichimbi, sifungi bomba. Kazi yangu ni kujua kipi kitangulie kipi na kwa siku ngapi, na nikiulizwa kwa nini jambo fulani limechelewa niwe na jibu. Nina hasira za karibu, na watu wanaochelewa hunichemsha damu, kwa hiyo kazi hii ilinifaa tangu siku ya kwanza.

Kwa asiyeujua, mchoro wa mtandao wa kazi si kitu cha kutisha. Duara ni hatua: kitu kinaanza au kimekwisha. Mshale unaotoka duara moja kwenda jingine ni kazi yenyewe, na juu yake unaandika siku. Kazi zisizotegemeana zinaenda kwa mishale ya sambamba, kwa mfano hawa wanajenga tangi huku wale wanachimba mtaro. Inayotegemea nyingine inasubiri zamu yake, maana huwezi kulaza bomba pasipo mtaro. Ukimaliza kuchora unajumlisha siku za kila njia toka mwanzo hadi mwisho. Ile ndefu kuliko zote ndiyo njia kuu. Kazi zilizo nje ya njia hiyo zina nafasi; zikichelewa siku mbili tatu hakuna anayeumia. Zilizo ndani yake hazina nafasi hata ya siku moja. Ikichelewa moja, mradi mzima umechelewa. Mimi njia kuu huipaka wino mwekundu, nipate kuiona hata nikiwa mlangoni.

Nilikuwa nimetoka kufanya mradi wa ghala la mahindi kule Karusandara, bondeni, ardhi tambarare, na mchoro ulitii toka duara la kwanza mpaka la mwisho. Nilivimba kichwa, sitaficha. Nikapewa Kyondo nikiwa bado nimevimba.

Kyondo ulikuwa mradi wa maji ya mserereko, yanayoshuka yenyewe bila pampu: kukinga chemchemi juu mlimani, kujenga tangi, kisha kuchimba mtaro wa bomba ukifuata mgongo wa kilima hadi koki kumi na mbili. Wananchi wangechimba wenyewe, kila kitongoji kipande chake, na mafundi wangelaza bomba nyuma yao. Koki ya kumi na mbili, mwisho kabisa wa mgongo, ilikuwa mbele ya nyumba ya mama yangu. Si mimi niliyeiweka pale. Wapimaji walishaiweka kabla sijapewa kazi. Lakini nilipolichora duara lile nilikandamiza penseli kuliko kwenye mengine.

Mama amepita miaka sabini. Maji anateka mtoni, chini ya kilima, kwa njia ambayo kiangazi ni vumbi na masika ni utelezi mtupu. Mvua zilizopita alianguka. Majirani walimkuta ameketi kwenye matope, ameshika kifundo cha mkono, jerikeni imeshafika chini bila yeye. Mkono ulipona ukiwa umepinda. Nilimleta kwangu Kasese akakaa siku tisa, akalalamikia joto, akalalamikia mbu, akalalamikia majirani wanaopita bila salamu, akarudi. Watoto wa jirani humtekea wakitoka shule, ila yeye hawezi kusubiri mtu. Nilimgombeza mpaka sauti ikanikauka. Kwa hiyo mradi ule, kwangu mimi, ulikuwa na lengo moja tu: maji yafike mlangoni kwa mama kabla mvua hazijashuka. Mengine yote yaliyoandikwa kwenye makaratasi ya ofisi niliyaona mapambo.

Hesabu ilikuwa nzuri. Maji yangefika siku kumi kabla ya mvua.

Siku ya kuanza nilipanda Kyondo na manila yangu, nikaibandika ukutani kwenye darasa la kanisa, nikawaeleza watu duara kwa duara. Mwenyekiti wa kamati ya maji ni mwanajeshi mstaafu. Mikutanoni hupenda Kiswahili, anasema Lukonzo, lugha yetu, kinafanya watu wasimame kuongea sana. Aliutazama mchoro muda mrefu, mikono nyuma. Kisha akauliza: "Hii yote nimeelewa. Sasa siku ya msiba iko wapi?"

Nilicheka. Nikamjibu kwa sauti ya kialimu kwamba kifo si kazi, hakijulikani kinaanza lini wala kinachukua siku ngapi, kwa hiyo hakichoreki. Akasema, "Sawa, madam," akaketi.

Na mimi ni mtoto wa kilima kile. Nimekua nikijua kwamba mtu wa kilima akifa, maadamu hajazikwa, hakuna anayepiga ardhi kwa jembe, si shambani, si njiani, ila wale wanaochimba kaburi. Nikiwa mdogo mama aliwahi kuninyang'anya jembe mkononi kwa sababu hiyo, kabla sijaelewa kwa nini. Nilikijua kitu hicho tangu zamani mno hata nikaacha kukiona. Mgeni angeuliza siku ya kwanza, angeambiwa, angeandika siku kadhaa juu ya mshale na mambo yangekwisha. Mwamba niliupangia siku nne. Lori kuharibika, siku mbili. Saruji kukomaa niliipa siku zake zote bila ubahili. Msiba sikuupa hata moja, kwa sababu nilikuwa wa hapohapo.

Wiki ya tatu mzee mmoja wa kitongoji cha nne akafariki. Fundi mkuu wa bomba akanipigia. Huyu ni mtu wa upande wa Butembo, Kongo, alikimbia vita na familia yake, siku hizi anakaa Bwera, mji wa mpakani, na sijaona mikono safi kama yake kwenye kazi ya bomba. Akaniambia kwa ule utulivu wake kwamba majembe yote yamelala, kilima kizima. Siku tatu. Nikachora mara ya pili bila hasira, nafasi bado nilikuwa nayo.

Majembe yakaamka, yakafanya kazi siku sita, kisha kijana wa kitongoji cha saba akafa Kampala, ajali ya pikipiki. Mwili ulikaa hospitali, karatasi zikatafutwa, gari likatafutwa. Siku saba. Kwa siku saba watu mia moja na zaidi walikaa na sululu zao wakingoja maiti iliyoko upande wa pili wa nchi. Nilimpigia mwenyekiti asubuhi na jioni. Nilimpigia fundi. Nilimpigia mtu wa gari nisiyemjua, nikamfokea, akanikatia simu, na alikuwa na haki. Jambo la kuchekesha, kama mtu ana moyo wa kucheka, ni kwamba tangi lilikuwa linakwenda vizuri kabisa. Mila ile haikatazi kujenga tofali. Ila tangi halikuwa kwenye njia kuu.

Nikachora mara ya tatu, safari hii nikikadiria na misiba mingine kama ile. Nafasi ilikwisha, na zaidi ya kwisha: mvua zikija kwa wakati wake, mtaro ungekuwa umeishia kitongoji cha kumi. Na udongo wa mwisho wa mgongo ule ni mlegevu. Mtaro ukipata mvua unajifukia wenyewe, unasubiri kiangazi kingine, na mama angeshuka mtoni masika yote. Niliketi mbele ya ile manila nikaona siku yenyewe ambayo tutashindwa, nikaihesabu kwa kidole, na hakuna nilichoweza kufanya. Hapo ndipo nilipouchukia mchoro kwa mara ya kwanza. Mtu asiyejua kupanga angalau huwa na matumaini.

Nikapanda Kyondo kuitisha mkutano.

Niliongea vizuri siku hiyo, kwa bahati mbaya. Nilisema mtaro si shamba. Nilisema hatupandi kitu, tunazika bomba. Mzee mmoja akajibu kwamba ardhi ni ardhi, haiulizi unaipigia nini. Nikasema mvua haitangoja mazishi ya mtu. Nilipoona bado wananitazama tu, nikamfanya mama mfano. Nikawauliza wanataka aanguke mara ngapi. Mama alikuwapo, benchi la nyuma, kitenge begani, ule mkono uliopinda mapajani mwake. Watu wakageuka kumtazama. Yeye alitazama chini.

Tukakubaliana hivi: akifa mtu, kitongoji chake kisimame mpaka azikwe, vingine viendelee kuchimba. Wawakilishi wa vitongoji wakatia sahihi mmoja mmoja, wengine dole gumba. Mwenyekiti alitia ya mwisho, akafunga kalamu. "Sisi tumekubali," akaniambia. "Lakini hii maneno imetoka kwa mdomo yako. Ukumbuke hivyo."

Nikarudi Bulembia nikachora mara ya nne. Njia kuu iliingia ndani ya siku zilizobaki bila hata siku moja ya kuchezea. Nilikunja nakala nikaiweka kwenye mkoba, nikawa natembea nayo.

Sasa lazima niseme habari za rafiki wa mama. Alikuwa mwanamke wa Beni, Kongo, alivuka mpaka zamani akiwa na watoto wawili na sufuria moja, akaolewa Kyondo, akabaki. Yeye na mama waliuza maharage sokoni Bwera miaka na miaka, wamekaa juu ya gunia moja, wakigombania wateja kwa mchezo na kugawana chakula cha mchana. Wote wawili Wakatoliki wa misa ya kwanza. Nyumba yake ilikuwa kitongoji cha kumi na moja, ya mama cha kumi na mbili, na kati yao ni bonde dogo tu. Mmoja akikohoa mwingine anasikia. Nilimwita mama mdogo tangu nilipojifunza kusema.

Siku hiyo nilikuwa Bwera kupokea viungo vya bomba, nimesimama kwenye kaunta ya duka, navihesabu. Simu ikalia. Alikuwa fundi. Akaniambia mama mdogo amefariki alfajiri, kifua, na kwamba kitongoji cha kumi na moja wameacha kazi kama tulivyokubaliana.

"Lakini kwa kumi na mbili bamesimama tu na majembe," akasema. "Banaangalia miye. Niambie, Madame: bachimbe ao baache?"

Nikamuuliza mama yuko wapi.

"Iko kwa matanga. Amekaa chini, kando ya mwili."

Nilitoa ile nakala mkobani nikaikunjua juu ya kaunta, katikati ya viungo vya bomba. Sikuwa na haja, kila namba niliijua kwa moyo. Nafasi: sifuri. Nje, mawingu upande wa Kongo yalikuwa meusi tangu juzi. Kitongoji cha kumi na moja walibakiza hatua chache tu; kazi kubwa iliyobaki ilikuwa kipande cha kitongoji cha kumi na mbili, nacho ndicho kilichokuwa na udongo mlegevu, na siku mbili za kusimama zilitosha kukipoteza. Nilifikiri: nikisimamisha kwa huyu kwa sababu ni wa kwetu, waliotia sahihi watasemaje? Na waliotia dole gumba? Nilifikiri pia, na hili ndilo la kweli zaidi, kwamba mama atanuna, kisha maji yatafika, atasahau.

"Wachimbe," nikasema.

Fundi hakukata simu. "Madame, ni weye unasema?"

"Ni mimi."

Nilifika kwenye mazishi kesho yake. Uwanja ulikuwa umejaa, turubai limefungwa, katekista anaongoza sala. Kati ya sala na sala ilisikika sululu inagonga jiwe ng'ambo ya bonde, kisha nyingine, kisha sauti ya udongo unatupwa. Waombolezaji waligeuza vichwa kisha wakavirudisha haraka, kwa adabu. Nilitamani ardhi inimeze. Ningeweza kutuma mtu akawaambie waache. Ulikuwa mwendo wa dakika kumi tu. Sikutuma. Nilikuwa nimesema hadharani, na nilijua fika tukisimama tungeshindwa siku gani. Mama alikuwa ameketi mkekani. Nilipofika alisogea kunipa nafasi, akaniuliza kama nimekula.

Maji yalifika siku mbili kabla ya mvua. Koki ya kumi na mbili ilikohoa hewa, ikatema matope, ikatoa maji meupe ambayo watoto waliyapigania. Wanawake waliimba. Mwenyekiti alinipa mkono kwa nguvu mpaka vidole vikauma. Mama alipiga makofi pamoja na wenzake, nami nikamtazama na nikafurahi kupita kiasi, nakiri. Nililala kwake siku zile, nikisema nasubiri ripoti ya mafundi. Sikusubiri ripoti yoyote. Nilitaka kumwona anateka.

Jioni zile mbili watoto wa jirani walileta maji ndani kama kawaida yao, na sikuuliza wameyatoa wapi. Siku ya tatu mvua ikaanza alfajiri, nyembamba, ya kuendelea. Kulipopambazuka nilisimama mlangoni na kikombe cha chai. Mama akatoka na jerikeni yake. Akaipita koki, akamsalimia jirani aliyekuwa anajaza ndoo pale, wakaulizana habari za usiku, akaendelea kushuka. Nikadhani ni mazoea ya miguu. Nikaweka kikombe chini, nikamkimbilia, nikamwambia huku nacheka kwamba koki ameiacha nyuma.

Akasimama. Mama akinipenda hunisemesha Lukonzo. Akitaka kukata neno hutumia Kiswahili cha soko la Bwera.

"Hiyo maji ni muzuri," akasema. "Watu wakunywe. Mimi nilikaa na rafiki yangu, yeye amelala pale, majembe inalia kwa masikio yake. Nikamwambia, vumilia, ni mutoto yangu anachimba. Sasa nikikunywa, nitamwambia nini?"

Nilisema mengi. Nilisema nitawaita wazee wafanye kinachofanywa, kama kuna kondoo wa kuchinja nitamleta. Nilisema nitamwita padre aibariki koki. Nilisema kosa ni langu, iweje adhabu aibebe yeye. Nilipandisha sauti, kwa sababu ndivyo nilivyo nikishindwa. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, maji ya mvua yakimchuruzika kwenye kitambaa cha kichwa.

"Hakuna adhabu," akasema. "Watu walikubali, wewe hukuwakosea. Ni mimi tu ndio siwezi kumeza."

Nimezoea kupewa tatizo lenye mlango. Ukikosa siku huku unazitafuta kule, unaongeza watu, unabadilisha zamu, unachora upya. Hapa palikuwa na mwanamke mmoja, koki moja, na koo lisilokubali. Nilimwomba basi nibebe mimi jerikeni, akanipa. Tukashuka. Kwenye mteremko mkali aliniambia nikanyage pale anapokanyaga yeye, na nilipoteleza alinishika kwa ule mkono uliopinda. Nilijaza maji, nikayabeba kupanda, nikayamimina kwenye mtungi wake. Siku mbili nilifanya hivyo. Siku ya tatu nilitakiwa kazini.

Ofisini mchoro wa mara ya nne umebandikwa ukutani. Wageni wakija huonyeshwa: mradi uliokwisha siku yake, pamoja na vikwazo vyote. Mkuu wangu aliniambia niwafundishe wapya jinsi nilivyoirudisha njia kuu ndani ya muda. Nikawafundisha. Wana bidii, wanauliza maswali mazuri. Mmoja, aliyesikia kwamba mama yangu anakaa kule, aliniuliza kama ameyafurahia maji. Nikamjibu kwamba kilima kizima kinayanywa.

Ni masika sasa. Watoto wa jirani bado humtekea wakitoka shule, wanayatoa kwenye koki kwa sababu iko pale mlangoni, naye anawashukuru, anayafulia nguo. Ya kunywa anayafuata mwenyewe, asubuhi. Nimemsihi kwa simu, nimemtuma mwenyekiti, nimemtuma fundi kutoka Bwera. Wote anawapikia chai kwa maji ya mtoni. Asubuhi ikiwa na mvua hapa Bulembia, najua na kule inanyesha, nami naweka simu mezani mbele yangu. Kule mtoni hakuna mtandao. Kwa hiyo nangoja mpaka saa tatu na nusu, nikikadiria kwamba ameshapanda, ndipo nampigia, na nahesabu inaita mara ngapi.